Mtihani Niliompa Sesilia

Jumamosi. Upepo wa kipupwe umetulia, na ukungu bado umelala juu ya mashamba.

Kuna uongo nimeuficha tangu nilipokuwa mwalimu mkuu. Daktari wa hapa Sumbawanga ameacha kunitajia siku ya kurudi kliniki, kwa hiyo nauandika leo.

Siku hizi nasinzia na kuzinduka, nasinzia na kuzinduka, na kila nikifumba macho namwona mtoto wa darasa la pili akihesabu matuta ya shamba la shule kwa macho tu, bila kunyoosha kidole. Ndiye Sesilia. Wazazi wake, wakulima wa ulezi, walikuja ofisini wamevaa nguo za kanisani. Waliomba arushwe hadi darasa la nne, maana alikuwa akimaliza kazi mapema, halafu anachapwa kwa kusumbua wenzake. Baba yake aliongea Kifipa. Mimi, Mfipa mwenzake, nilimjibu kwa Kiswahili, makusudi.

Darasa la nne alikuwamo mwanangu. Ndiye aliyekuwa akiongoza.

Nikampa Sesilia maswali kumi ya hesabu za darasa hilo. Nikasahihisha peke yangu. Nikawaambia wazazi, "Mtoto bado. Msimtwishe mzigo." Mama yake akapiga goti kunishukuru.

Sesilia aliacha shule akiwa darasa la sita. Sasa anauza maharage sokoni.

Asubuhi hii amekuja kunijulia hali. Nilidhani bado naota.

"Shikamoo, mwalimu. Mbona umebaki macho tu?"

"Marahaba. Na masikio pia."

Akacheka, kisha akainamisha kichwa, akanieleza kilichomleta. Binti yake wa darasa la kwanza anasoma hadi karatasi za kufungia maandazi, na shuleni wanamwita msumbufu. Jumatatu Sesilia anataka kwenda kuwaomba walimu wampe mtoto masomo yanayomtosha.

"Nenda," nikasema. "Usimwogope mwalimu mkuu."

"Niliyemwogopa mimi si ndiye wewe!" akanitania. Halafu sauti ikashuka. "Ila wakimpima akashindwa kama mimi? Nitamwaibisha mtoto bure. Bora niache, mwalimu."

Akajifunga kanga vizuri, akaelekea mlangoni. Jua lilikuwa limefika miguuni mwangu, na usingizi ulinivuta taratibu, kwa upole. Ningeuachia tu, naye angeondoka zake.

"Sesilia, rudi ukae," nikamwambia. "Hukushindwa. Maswali yote kumi uliyapata."