Robo ya Alec Haikopeshwi

Nyumba 27, Mtaa wa Marlow,
Grimsby.
17 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Neville,

Hujambo? Cheryl naye hajambo? Mguu wake uliovunjika umeshaunga? Sisi huku tu wazima, ila magoti ya Alec yanamsumbua na baridi imewahi mwaka huu. Vitunguu vyake vya bustanini vilishika nafasi ya pili kwenye mashindano, na mpaka leo hajamsamehe mwamuzi.

Haya, salamu zimeisha. Sasa nisikilize, maana nimekukasirikia kwelikweli.

Septemba ulimpigia Alec simu ukamwambia, "Shemeji, toa robo yako upesi! Bajeti ikija, Waziri wa Fedha ataipiga kodi." Wewe! Ulihamia Perth, huko ng'ambo, miaka thelathini na sita iliyopita, kodi ya huku hulipi hata senti. Nani alikufanya mshauri wa pensheni ya mume wangu?

Naye kwa woga wake akaitoa, kisirisiri, mimi nikiwa kazini jikoni pale shuleni. Paundi thelathini na mbili elfu, robo nzima ya pensheni yake ya binafsi, ile ambayo mtu anaruhusiwa kuichukua bila kukatwa kodi. Na ilikuwa ya nini, unajua vizuri. Alec ana miaka sitini na miwili na bado anaendesha lori la samaki alfajiri. Tulipanga apumzike akitimiza sitini na minne, tuile robo hiyo kidogo kidogo mpaka pensheni ya serikali ianze akiwa na sitini na saba. Magoti yale hayawezi kuendesha lori mpaka umri huo.

Siku ya Bajeti tulikaa mbele ya televisheni na chai yetu na biskuti. Waziri akasema weee, akapandisha hiki, akabana kile. Robo hakuigusa! Alec uso ukamshuka, na hapo ndipo aliponiambia alichofanya.

Kesho yake akaipigia kampuni ya pensheni ili airudishe. Walimsikilizisha muziki weee, kisha binti mmoja akamwambia, "Pole sana, mzee wangu. Mkupuo ukishatoka haurudi." Ati pole! Kule ilikuwa inakua bila kukatwa chochote, sasa imelala benki inazaa vijisenti, navyo vinaweza kukatwa kodi.

Hata hivyo nilikuwa tayari kukusamehe. Nikasema Neville ni domo tu, tangu utoto. Lakini Jumapili iliyopita nilikuwa naoka nyama, simu ya Alec ikalia mezani. Mikono yake imejaa udongo, akaniomba nimsomee ujumbe. Kumbe ni wewe: "Shemeji, kwa kuwa hela zimekaa tu, nikopeshe ishirini elfu nimalizie boti. Usimwambie dada."

Usimwambie dada! Mimi niliyekuosha masikio kila Jumamosi, mama akiwa zamu kiwandani! Huna haya hata kidogo, Neville? Na unajua mume wangu alisema nini? "Ni ndugu yako, Glenda. Nitaongeza miaka michache kwenye lori, si neno." Nililia pale pale, kijiko mkononi.

Jumatatu nikamshika mkono mpaka benki. Hela sasa ziko kwenye akaunti ya sahihi mbili, yake na yangu. Kwa hiyo ukitaka mkopo, niombe mimi. Nakujibu hapa hapa, usipoteze stempu: hapana. Boti iuze.

Msalimie sana Cheryl, na mwanao Brett na mkewe. Shangazi Winnie anakuulizia kila Alhamisi, mpigie simu huyo badala ya kumpigia Alec. Mungu akulinde na akupe akili.

Alec ananiuliza kutoka sebuleni kama nimekujibu kwa upole. Nimemwambia ndiyo.

Dada yako akupendaye, ingawa leo kwa shida,
Glenda