Mgeni wa Saa Nane

Sparkbrook, Birmingham
22 Juni 2025

Dada yangu Rukiya,

Salamu nyingi. Natumai hujambo, na magoti yanakuruhusu kupanda ngazi zako. Mimi mzima. Presha inapanda na kushuka, vidonge nameza. Joto limetuingilia mwaka huu, hata paka wa jirani amehamia chini ya gari. Waridi za marehemu mume wangu Hemant zimechanua zote, nyekundu na za manjano.

Nina habari. Surinder, binti wa jirani zangu wa zamani, sasa ni mwalimu, na kila likizo ya kiangazi anaendesha kambi ya watoto nje kidogo ya mji, ukishapita Erdington. Watoto arobaini, wa miaka saba hadi kumi na moja, wanalala kwenye mahema siku tano. Anatafuta muuguzi wa kujitolea. Alikuja nyumbani akaniambia, "Auntie, kazi ni plasta na kofia za jua tu." Nikakubali kabla chai haijapoa.

Lakini nina wasiwasi. Tangu nilipohama Mombasa nimeuguza wazee tu, na kustaafu kwenyewe ni miaka kumi na moja sasa. Wewe ulikuwa metroni wa shule ya bweni miaka ishirini na mbili. Tulisomea uuguzi darasa moja, tukalala chumba kimoja, lakini watoto unawajua wewe. Niambie niangalie nini.

Mdogo wako,
Ushma


Mombasa
9 Julai 2025

Shoga yangu Ushma,

Salaam aleikum na salamu za nyumba nzima. Barua yako imefika jana. Magoti ni yale yale, usiniulizie tena. Jicho la kulia ndilo linalonisumbua, naona kama nimefunikwa shashi. Daktari atanipangia siku.

Nimefurahi unatoka nyumbani. Sasa sikiliza. Mtoto mdogo hajui kusema anaumwa nini. Atasema kichwa, atasema tumbo, kwa sababu ndiyo maneno aliyo nayo. Akija mara ya kwanza, mpe maji na mwangalie. Akija mara ya pili na neno lile lile, muulize mkiwa wawili peke yenu: amekula nini, amekunywa nini, amekwenda choo lini. Muulize hata kama anaona haya, hata kama wewe unaona haya. Na fomu za wazazi zisome mara mbili. Mama huandika kwa herufi ndogo lile jambo linalomkosesha usingizi.

Mengine utayaweza. Mikono yako ilikuwa mizuri kuliko yangu, metroni wetu wa chuo alisema hivyo na mimi nikanuna wiki nzima.

Dada yako,
Rukiya


Sparkbrook
3 Agosti 2025

Dada Rukiya,

Hujambo? Jicho linaendeleaje? Mimi mwili mzima. Nakuandikia mezani jikoni na chai imepoa mbele yangu, kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Kambi ilianza Jumatatu. Walinipa hema jeupe chini ya miti, vitanda viwili, viti viwili, sanduku la dawa. Barua yako nilikuwa nayo mkobani. Fomu nilizisoma zote arobaini Jumatatu asubuhi, mara moja tu, huku watoto wakishuka kwenye basi.

Jumatatu hiyo hiyo saa nane mchana aliingia msichana wa miaka tisa, jina lake Ifrah, wa Stechford. Mwembamba, hijabu ya samawati, meno ya mbele yameachana. Alisema kichwa kinamuuma. Nilimlaza kidogo, nikawa naongea peke yangu kama kawaida yangu, "Haya mama, dawa nimeiweka wapi?" Akainuka. Bibi yake alikulia Mombasa, Rukiya! Kiswahili anakisikia kila siku nyumbani, ila anajibu kwa Kiingereza. Aliniuliza kama na mimi ni bibi wa mtu. Nikamwambia mwanangu yuko Toronto na hana watoto. Akafikiri, akasema, "Then I'll call you Bibi."

Jumanne saa nane akaja tena. Kichwa. Jumatano saa nane, kichwa. Mpaka Jumatano nilikuwa nimekwisha kumwekea kiti kivulini na karata mezani. Alinifundisha mchezo wao, akawa ananiibia karata na kucheka. Nilimwekea kikombe cha maji, sikutazama kama anakunywa. Kwenye daftari niliandika: maumivu ya kichwa, amepumzika, ameondoka akiwa mzima. Siku tatu, maneno yale yale.

Sikumuuliza, Rukiya. Ulinielekeza waziwazi na sikumuuliza. Nataka nikuambie kwa nini, kwa sababu Surinder nimemwambia tu kuwa sikugundua. Nilijua mtoto anayekuja kila siku ana jambo. Lakini nilijua pia kwamba nikilipata jambo lenyewe na kulitibu, kesho saa nane hatakuja. Tangu saa mbili asubuhi nilikuwa natazama saa.

Alhamisi alikuja amechelewa. Joto la nje digrii thelathini na moja. Uso umekuwa wa majivu. Nikamwambia, "Keti, leo nitakushinda." Alikaa, akashika karata, zikamdondoka. Aliposimama kuziokota akaanguka mlangoni mwa hema. Nilimpakata kichwa na ndipo nikaitazama midomo yake kwa mara ya kwanza. Ilikuwa imepasuka. Ngozi ya mkono nikiivuta hairudi. Anawaka homa. Muuguzi wa mwaka wa kwanza angeyaona hayo tangu mlangoni.

Ambulensi ilikuja upesi. Surinder alikwenda naye, mimi nikabaki na watoto wengine. Msichana anayelala naye hema moja ndiye aliyetueleza. Ifrah alifika akiuogopa usiku, na usiku wa kwanza alikojoa kitandani. Gauni la kulalia akalificha kwenye mfuko wa plastiki chini ya begi. Tangu hapo chupa yake ya maji alikuwa anaimwaga kwenye nyasi, na choo cha usiku alikuwa anajizuia, asije akasikika akitoka hemani. Karibu siku tatu. Mkojo umepata maambukizi, yakapanda mpaka kwenye figo. Amewekewa dripu na sindano za antibiotiki. Jana jioni homa ilishuka, Surinder kanipigia.

Mama yake alikuja kambini kuchukua begi. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Wewe ndiye nesi?" Nikasema ndimi. "Niliandika kwenye fomu. Ukurasa wa pili. Niliandika kwamba akilala ugenini hukojoa, na kwamba ataona haya kusema."

Nilifungua faili mbele yake. Ilikuwepo. Herufi ndogo, kalamu ya bluu. Pembeni kuna alama yangu ya kwamba nimesoma.

Kesho wiki ya pili ya kambi inaanza. Surinder amesema, "Pumzika, Auntie, nimepata mtu mwingine." Alisema kwa upole sana.

Niandikie hata mistari miwili.

Mdogo wako,
Ushma


Sparkbrook
24 Agosti 2025

Dada Rukiya,

Hujambo? Wiki tatu zimepita. Kila mtu wa posta akipita nasikia kile kibao cha tundu la barua mlangoni kinagonga, nashuka, nakuta matangazo ya piza. Labda barua imepotea njiani. Labda umeisoma na hujui uniambie nini. Simu yako nimeipiga mara mbili, imezimwa.

Ifrah ametoka hospitali, yu mzima. Nilisubiri mpaka nikashindwa. Jumamosi nilipanda treni kwenda Stechford, nimebeba maembe na pakiti mpya ya karata. Mtaa niliuona kwenye ile fomu. Najua haikuwa sawa kuutumia.

Mama yake alifungua mlango nusu. Nikasema nimekuja kuomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, sikutarajia hilo. Kisha akasema, "Radhi nimeipokea. Ifrah anakuulizia. Lakini mtoto wangu ana bibi yake."

Sauti ya mwanamke mzee ikaita kutoka ndani, kwa Kiswahili cha kwetu kabisa, "Nani huyo mlangoni?" Mama akajibu, "Si mtu, mama, ameshakwenda." Akafunga, taratibu. Maembe alikuwa amekwisha kuyapokea.

Nilikaa stesheni, treni mbili zikapita sijasimama.

Kama umenikasirikia, andika hivyo hivyo. Kukasirikiwa naweza.

Mdogo wako,
Ushma


Mombasa
9 Septemba 2025

Shoga yangu Ushma,

Salamu nyingi na dua. Sikukasirika, nilipofuka! Jicho lilipasuliwa tarehe sita Agosti, na daktari akanikataza kusoma, kuinama na kushika simu. Safiya, binti yangu, aliziweka barua zako chini ya mto wangu. Aliniambia, "Mama, nikusomee?" Nikakataa. Zako sisomewi. Jana nimezisoma zote mbili, kwa jicho jipya.

Hutasikia kwangu kwamba si kosa lako. Ni lako. Fomu ilisema, nami nilikuambia, na mtoto alikuwa mbele yako siku nne. Yule mama alikuwa na haki kukufungia mlango, na usirudi tena pale, hata kwa heri. Hiyo nakuamrisha kama metroni.

Sasa nakusemesha kama dada. Hemant alifariki Februari. Tangu hapo, kabla ya hizi mbili, uliniandikia barua tano. Nimezitoa zote na kuzisoma upya. Ya kwanza ni ya msiba, uliandika kwamba watu walikuwa wengi na chakula kilitosha. Ya pili waridi. Ya tatu mvua. Ya nne bomba la jikoni. Ya tano tena waridi, na kambi. Mpaka mtoto wa watu azimie ndipo naambiwa kwamba unakaa unatazama saa! Mimi ni nani kwako, Ushma? Ningekuwa najua, ningekuandikia kila Ijumaa, hata kama ni kukusengenyea majirani.

Kwa hiyo nitaanza. Na wewe utaniandikia ukweli, hata ukiwa mbaya. Maua nitayaona kwenye picha.

Chumba cha juu hapa kwangu ni kitupu. Kina upepo. Sikulazimishi.

Dada yako,
Rukiya


Sparkbrook
5 Oktoba 2025

Dada Rukiya,

Barua zako za Ijumaa zimefika tatu kwa mkupuo. Jirani yako na yule jogoo wake wamenichekesha mpaka nikashika ukuta. Pole na miwani myeusi. Mimi sijambo, ila silali vizuri na nimekonda. Umesema niandike ukweli.

Wiki iliyopita Surinder alikuja. Kuna kambi nyingine ndogo likizo hii ya Oktoba. Alikaa kwenye ukingo wa kochi, akasema vijana watakaosaidia hawana uzoefu, ningeweza kuzungumza nao? Nikamwambia, "Kabla hujaniomba, kuna jambo sikukuambia." Nikamweleza yote, hata ile saa niliyokuwa naitazama. Kisha akasema, "Waambie hilo hilo."

Basi jana nimekwenda. Vijana kumi na wawili kwenye ukumbi, viti vimepangwa duara. Niliwafundisha kuangalia midomo na kuvuta ngozi ya mkono. Shuka za akiba zitakaa wapi, mtoto azichukue mwenyewe bila kuomba. Kila fomu isomwe na watu wawili. Halafu nikawaambia kuhusu Ifrah, jina sikulitaja. Nikasema mtoto yule alikuwa dawa yangu, na mtoto si dawa ya mtu mzima.

Hakuna aliyecheka wala kunifariji. Msichana mmoja, Lucie, Mkongomani, aliinua mkono. "Maman, sasa kama ni mimi ninajisikia peke yangu kule kambini, nifanye nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya dripu na homa. Nikamjibu, "Mwambie mtu mzima mwenzako. Siku hiyo hiyo." Akaliandika kwenye daftari lake.

Nilirudi kwa basi saa kumi. Nimefungua mlango, nimevua koti, nimeliweka begi ngazini. Nikasimama pale kwenye korido kama mgeni, nikangoja. Unajua nilikuwa nangoja nini? Mtu aulize tu kutoka jikoni, bila hata kugeuka, "Vipi, imekwendaje?"

Nikaja mezani nikachukua kalamu, na sikumaliza mpaka leo.

Imekwenda vizuri, Rukiya.

Mdogo wako,
Ushma