Meza ya Kupigia Pasi

Ndugu yangu, nimekwisha. NIMEKWISHA.

Unakumbuka ile fremu ya baiskeli ya kaboni, ya bei chee, niliyoagiza nje? Mke wangu nilimwambia boksi likija ni meza ya kupigia pasi.

Sasa limefika mimi niko kazini, mke wangu na mama yake wakalifungua. Narudi, namkuta mama mkwe sebuleni, nguo rundo, pasi imeshapata moto, fremu ya baiskeli iko mapajani mwake.

Ananiuliza kwa upole kabisa, "Baba, hii meza miguu yake iko wapi?"

Miguu yake!!

Acha kucheka wewe. Kesho yanakuja magurudumu, na hayo nilisema ni feni.

Mama mkwe ameahirisha safari ya kurudi kwake. Anasema joto limemzidi.