Mkaguzi wa Bima Amekuja

6 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko kazini? Sisi tunaendelea, ila miguu yangu ndiyo ile ile. Nina la kukufurahisha. Yule mkaguzi wa bima ya serikali tuliyeambiwa atakuja kumwangalia kaka yako amekuja, akakuta sebule inang'aa. Nilikuwa nimeshamwogesha kaka yako, nikamnyoa, nikamvalisha lile shati lake jeupe la kazi ya unyozi. Mkaguzi akauliza: anavaa mwenyewe? Anapika? Anatoka? Nikamjibu yote anafanya mwenyewe. Ningesemaje na mgeni amekaa kwenye kiti changu? Ameondoka anatabasamu. Hatukuaibika.

Mama yako

19 Machi

Shikamoo Mama,

Pole na miguu. Mimi mwili mzima, moyo ndio hauna raha. Kaka yuko kwenye bima yangu, kwa hiyo jibu limeletwa kwangu. Wanasema amepona. Dawa watalipia, tiba ya kazi wameikata.

Mama, umefanya nini? Dawa zinamtuliza akili tu. Aliyemtoa kitandani ni yule mtaalamu wa tiba ya kazi, aliyemfundisha upya kupiga mswaki, kupanda basi, kushika mkasi bila kutetemeka. Kulipia wenyewe hatuwezi, unajua. Nimekata rufaa. Watakuita wewe unayeishi naye, na kaka atakuwepo. Tafadhali usimpambe tena.

Binti yako

2 Aprili

Marahaba.

Afya yangu unaijua, sirudii. Usinifokee kwenye karatasi, nimekuzaa mimi. Kinyozi ambaye watu walikuwa wanampangia foleni, leo nikamvue nguo mbele ya wenye tai, naye anasikia? Siendi.

Na ndiyo, tangu tiba ikatwe hatoki chumbani. Nimeona, nina macho.

Mama

11 Aprili

Shikamoo Mama,

Sijui hata kama u mzima, maana simu hupokei. Rufaa ni Jumanne. Mwaka juzi ni wewe uliyempokonya wembe mkononi, ukanipigia ukilia hadi sauti ikakauka. Ninaogopa, Mama. Ninaogopa kila simu ikiita. Nichukie ukitaka, lakini nenda.

Binti yako

28 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Nilikwenda. Tulikaa, watu watatu wa rufaa mbele yetu, kaka yako ubavuni kwangu, anaangalia viatu vyake. Mwenyekiti akaniuliza mbona mwanzo nilisema anajiweza. Nikamwambia nilidanganya, niliona haya. Basi nikafunguka. Nikasema namwogesha mwanaume mzima. Nikasema kuna asubuhi nakuta shuka limelowa, nalifua kabla majirani hawajaamka. Wembe nao nikautaja. Yule mama wa pembeni akaacha kuandika. Kaka yako akanishika mkono wa gauni, akasema taratibu, "Mama, basi." Sikunyamaza, kwa sababu bado walikuwa wananisikiliza.

Wameirudisha tiba, mwaka mzima. Mtaalamu anasema ameanza vizuri kuliko alivyotegemea. Leo amevaa mwenyewe, akaenda mwenyewe kwa basi.

Hakuniaga. Tangu siku ile hanisemeshi, chakula changu anakiacha mezani, anajipikia chake. Nasimama jikoni namsikia anakata vitunguu, nafurahi na roho inaniuma papo hapo. Usimpigie kumgombeza kwa ajili yangu. Wakiniita tena mwakani, nitasema yale yale.

Mama yako