Utamu Usiotiwa Sukari

Jumatatu, 3 Juni
Baridi. Ukungu umelala juu ya mabati ya mtaa wetu, Chanji. Nimemsafisha mke wangu Yustina kidonda cha kidole cha mguu. Hakijafunga. Kisha nikammiminia togwa, na mimi yangu. Uji mwepesi wa ulezi mpya, wa mavuno haya. Tumekunywa tukitazama ukungu ukienda bila haraka.

Jumatano, 5 Juni
Kliniki ya sukari. Muuguzi Neema anapima kama sisi watu wazima tunaelewa vikaratasi tunavyopewa. Sentensi zina mapengo, unajaza. Mgonjwa aepuke vinywaji vyenye nini? Yustina kaandika "sukari" kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya masista. Hakukosa pengo hata moja. Wasindikizaji nasi tulijaza. Mimi pia sikukosa. Nimejivuna njia nzima. Nyumbani tukajipongeza kwa togwa.

Jumapili, 9 Juni
Nimeota ziwa tena. Ng'ambo, nyumba yetu ya Kongo, mlango wazi, hakuna mtu. Maji yalikuwa meupe kama togwa na hayakuwa na ladha.
Nilipanda huku milimani Ufipa nikiwa kijana, nimekimbia vita, sina kitu. Mama yake Yustina alinipa kikombe cha togwa kabla hajaniuliza jina. "Kunywa, mwanangu, umefika." Tangu siku hiyo, kufika kwangu kuna ladha hiyo.

Jumatano, 12 Juni
Sukari yake imepanda tena. Daktari anasema ikiendelea hivi kidole kitakatwa, na huenda kisiwe hicho tu. Neema kaitazama karatasi ya Yustina, kamtazama Yustina. Kauliza kwa upole kama kuna kitu anakula kwa siri. Yustina kakasirika. Chai anakunywa bila sukari tangu mwaka jana. Soda haonji hata harusini. Ni kweli, mimi shahidi.
Ninaogopa. Hata kitabu sikuweza kusoma leo.

Ijumaa, 14 Juni
Neema kaja nyumbani. Shikamoo zake, kiti, kisha Yustina kapiga magoti, kapiga makofi taratibu kama wanavyopokea wageni hapa, kampa togwa. Kanywa kidogo. Kashusha kikombe.
"Bibi, hii mnakunywa kila siku?"
"Asubuhi na jioni. Hiyo si soda, mwanangu. Sijatia hata chembe ya sukari."
Neema kaeleza polepole. Kimea, ule ulezi uliooteshwa, ndicho kinacholeta utamu, kinaugeuza unga wenyewe kuwa sukari. Na kikaratasi kina picha ya chupa ya soda tu. Yustina kacheka, kisha kafuta macho kwa kanga. Akasema mgeni wake kaufumbua mtihani huu kwa kikombe kimoja.
Neema ataongeza togwa kwenye vikaratasi. Na hatauliza mapengo tu, atauliza watu wanakunywa nini nyumbani.
Mimi nimekaa nje mpaka jua likazama. Nimevisoma vile vikaratasi vyote. Na kila asubuhi mmiminaji alikuwa mimi.

Jumatano, 10 Julai
Sukari imeshuka. Kidonda kinafunga. Daktari anasema kidole kitabaki.
Upepo wa kusini, mwanga mweupe. Chungu cha togwa kimepinduliwa uani, kuku amelala kivulini mwake. Nimechemsha maji matupu, nimemimina vikombe viwili. Nilishika changu muda mrefu bila kunywa.
Yustina aliniona.
"Kunywa, Mzee," akasema. "Umefika."
Nikanywa.