Chambo cha Ukutani

Ukingoni mwa Mto Spey, Februari

Kaka Torquil,

Sisi huku tunasukuma siku. Theluji inayeyuka, mto umefura, na mbwa wa baba bado analala mlangoni pa chumba chake utadhani ameambiwa angoje.

Umeniandikia kwamba Jumapili utakitoa kwenye fremu ya kioo pale ukutani kile chambo cha ndoana na manyoya, cha mwisho kufungwa na baba, ukifumue uzi kwa uzi ili binti yako Elspet aujue mkono wa babu yake. Nakuomba, usikifumue.

Baba alikifunga kwa ajili yako. Aliponikabidhi alisema, "Iseabail, hiki cha Torquil. Ole wako ukikilowesha, nakujua wewe!" Siku ya pili baada ya mazishi nikakilowesha. Samaki, samoni mzima, alikidaka, nami nikavuta papo hapo kama mgeni wa mto. Miaka yote baba alinipigia kelele, "Mwache ageuke kwanza, we mtoto!" Sikumwacha. Mshipi ukakatika, akaenda nacho.

Nikakufungia kingine, kwa manyoya ya kopo lile lile la baba. Ukanijibu kwamba ulipokishika ulilia. Nikanyamaza.

Lakini baba alikuwa wa shoto, kaka. Uzi wake ulizunguka kinyume na wangu, na Elspet ana macho kukushinda. Akiuliza mkono ule ni wa nani, usimdanganye kama nilivyokudanganya. Mwambie ni wa shangazi yake, yule asiyejua kungoja.

Dada yako,
Iseabail