Kiuno Kilichoogopa Maji

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa pale kibarazani Mwisenge, goti limetulia na dagaa wako wamepata jua la kutosha. Mimi ni mzima kabisa. Baridi ya huku Japani imeanza kulegea, jana nilitoka bila kofia. Tunaongea kwa simu, ni kweli, lakini simu yako huzima katikati ya habari, na habari hii ni ndefu. Dada Nyangeta akusomee polepole, wala asirukeruke kama anavyosomaga matangazo ya kanisani.

Unajua timu ya besiboli, ule mchezo wetu wa mpira na fimbo, ndiyo iliyonileta huku kiwandani. Asubuhi nafunga vipuri, jioni nacheza. Kudaka nadaka vizuri, mbio ninazo, lakini kupiga kulinishinda. Mpira nikiugusa ulikuwa unaanguka hapo hapo karibu, kana kwamba umechoka. Kocha aliniita akaniambia kwa upole kwamba nisipoanza kupiga kabla ya mechi ya majaribio, atamchukua mtu mwingine, nami nirudi nyumbani. Sikukwambia kwenye simu kwa sababu ungeacha kula.

Kocha akanipeleka kwa mwalimu mmoja wa chuo, mama wa makamo, anaitwa Haruka. Kazi yake ni kuchunguza jinsi nguvu inavyosafiri ndani ya mwili wa mchezaji. Alinibandika vidude vidogo vinavyong'aa kwenye kila kiungo, kuanzia kifundo cha mguu mpaka kiwiko. Nikasimama juu ya vibao vinavyopima mguu unavyosukuma sakafu, kamera zimenizunguka, nikapiga. Kisha akanionyesha kwenye kompyuta. Mama, ilikuwa mifupa mitupu inapiga mpira! Nilicheka, halafu nikasogea karibu. Ile mifupa ilisimama kama marehemu kaka Mafuru. Bega la kushoto chini kidogo, vidole vya mguu wa nyuma vimeangalia nje. Uso haukuwepo, lakini ungemjua.

Haruka akanieleza kwamba nguvu ya kupiga haitoki mikononi. Inaanzia mguuni, inapanda kwenye nyonga, nyonga inakikabidhi kifua, kifua kinaikabidhi mikono, na mikono fimbo. Kila kimoja kikishatoa, kinatulia.

"Kama mjeledi wa baba yangu," nikamwambia.

Ikabidi nimweleze jinsi Baba anavyopiga mjeledi hewani kule Butiama, ng'ombe wakiuelekea mtama wa watu: mkono unasimama, ncha ndiyo inayolia. Alifurahi mpaka akasimama ajaribu mwenyewe, na kalamu.

Ajabu ni kwamba mle chumbani kwake chuoni hakuona kosa lolote. Nyonga ilizunguka vizuri, mpira ukapiga wavu kwa kishindo. Nikarudi uwanjani kifua mbele, na mpira wa kwanza ukaanguka karibu kama kawaida.

"Basi uwe unachezea kule kwa mwalimu," akasema Kenji, ninayefunga naye vipuri. "Sisi tutakupelekea watazamaji."

Haruka akaja na kamera zake mpaka uwanjani. Hapo ndipo ikaonekana. Mguu wa mbele unakaza, nyonga inaanza kuzunguka, halafu kabla fimbo haijafika, inasimama kama mtu aliyeshikwa shati. Mikono inabaki kufanya kazi peke yake.

"Umewahi kuumia kiuno?" akaniuliza.

"Hapana."

"Basi hapa kuna kitu gani ambacho kule kwangu hakipo?"

Nikaangalia mbele. Majani, uzio, na nyuma ya uzio, mto.

Mama, unakumbuka kile kiwanja chetu kando ya ziwa? Wale wageni waliotufundisha mchezo shuleni walituachia mpira mmoja tu. Fimbo yetu ilikuwa mtwangio wako, ule uliotafuta mpaka ukamsingizia jirani. Sheria aliiweka Mafuru: anayepeleka mpira ziwani anaufuata mwenyewe. Siku niliyoupeleka mimi, nilianza kuvua viatu huku nalia, maana kuogelea sikujua. Mafuru akanidaka shati.

"Kaa hapo wewe! Unataka Mama aniue?"

Akaingia yeye, na asubuhi hiyo hiyo watu walikuwa wamemwona kiboko. Alitoka anatetemeka, mpira ameubana kwa meno kama mbwa, ili nicheke. Nyumbani akakwambia ameteleza akichota maji. Ulimchapa. Tangu hapo kila nikisimama kupiga, alikuwa nyuma yangu: "Unapigaga na kiuno sana wewe! Zuia kiuno!" Nikazuia, mpira usifike majini. Tumemzika, na mimi bado nazuia.

Nilimweleza Haruka yote hayo kwa Kijapani changu cha kuokoteza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Yeye alijua kuogelea?"

"Kidogo tu," nikasema.

Halafu akanipeleka nyuma ya uzio, akanionyesha wavu wenye mpini mrefu umeegeshwa pale. Kumbe ni wa kuopolea mipira mtoni. "Hapa haingii mtu majini," akasema.

Sitakuficha, sikutaka sana kuiacha ile breki. Niliona kama mkono wa Mafuru uko bado kwenye shati langu. Lakini nilimsikia pia akinisema: "Umeenda mpaka Japani kupiga kama bibi anayefukuza kuku?" Basi nikaanza upya, polepole. Kaza mguu wa mbele, acha nyonga ipite, maliza kitovu kikimtazama anayekurushia. Kila jioni Haruka alinionyesha ile mifupa, na kila jioni kiuno kilipita mbele kidogo zaidi.

Siku ya majaribio mpira wa kwanza niliukosa. Wa pili pia. Wa tatu, Mama, sikusikia uzito wowote mkononi, nilisikia mlio tu. Ukapanda, ukavuka uzio, ukaingia mtoni. Unajua nilifanya nini? Badala ya kukimbia kuzunguka uwanja nipate alama, nilikimbilia uzio. Nilikuwa nimeshavua kiatu kimoja Kenji alipopiga kelele: "Wewe, unaenda kuoga? Zunguka uwanja!" Watu walicheka mpaka kocha akajifunika uso kwa kofia. Baadaye akaniambia, "Unabaki. Ila vaa kiatu."

Kwa hiyo nabaki, Mama. Kula vizuri.

Nisalimie Baba huko Butiama pamoja na ng'ombe wake, umwambie mjeledi wake umefika chuoni. Msalimie mjomba fundi baiskeli wa Bunda, na dada Nyangeta, ambaye najua hapa ameruka mstari. Jirani yetu wa mtwangio umpelekee hata kisado cha dagaa, umwombe radhi.

Na ukienda kupalilia pale kwa Mafuru, mwambie mpira nimeupeleka majini. Mwambie sheria naikumbuka, kiatu kimoja nilikuwa nimeshavua.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Magesa